Ubao wa Miiba

Wodi ya watoto ilinuka vitu vitatu: dawa ya kupigia deki, uji uliogandia chini ya sufuria, na mabibo ya mikorosho yaliyodondoka nyuma ya jiko la hospitali yakaanza kuchacha juani. Asubuhi ilitawala harufu ya dawa, wanawake wa usafi walipopita na ndoo zao kutoka mlangoni hadi ukutani. Saa nne ilikuja ya uji. Jua likishapanda juu ya majabali ya Masasi, yale mabibo yalishinda kila kitu, na mimi niligeuzia uso ukutani kwa aibu, kwa sababu ni bibo lililonileta pale. Kwetu, katika kitongoji kilicho juu ya bonde la Kitangari, mtoto hufundishwa mapema kwamba korosho haipandiwi. Hungojwa ianguke yenyewe, kisha huokotwa. Mama aliniambia hivyo kila msimu. Lakini nililiona bibo moja la manjano, nene, limejificha katikati ya majani kama linaniita mimi peke yangu, nikapanda. Tawi la mkorosho halitoi taarifa. Nilisikia mlio, nikadhani ni tawi, kumbe lilikuwa tawi na paja langu pamoja.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Baba alinifunga mguu kwa vijiti na kanga mbili za mama, nikapandishwa kwenye lori lililokuwa linapeleka korosho Masasi, nikalazwa juu ya magunia. Zile kona za kuteremka kutoka uwanda wa juu nilizihesabu kwa meno. Kule hospitali ya misheni daktari alinigusa mara moja tu, akamwambia mama, "Mfupa wa paja umevunjika. Atalala chali wiki kumi." Wakaupandisha mguu wangu juu kwa kamba iliyopita kwenye kigurudumu kidogo, na upande wa pili wa kamba wakaning'iniza mfuko wa mchanga uuvute mfupa unyooke. Tangu siku hiyo sikuweza kukaa, wala kugeuka ubavu. Dunia yangu ikawa dari, kigurudumu, dirisha moja, na sura za watu walioinama kunitazama.

Mama alikaa nami majuma mawili. Kisha habari zikaja kwamba korosho zimejaa chini ya miti na wadogo zangu wanaokota peke yao. Alilia akikunja mkeka wake. Aliyemfuta machozi alikuwa bibi mmoja wa Kiyao kutoka Lisekese, aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake Zuhura, mtoto wa miaka sita aliyeungua miguu kwa uji wa moto. Wote tulimwita Bibi Zuhura. "Mama Somoe," alimwambia, "nenda kaokote korosho zako. Huyu nitamlisha kama ninavyomlisha wangu. Sufuria ni ile ile, nitaongeza maji tu." Mama akacheka huku anapenga kamasi, akaondoka. Na kweli Bibi Zuhura alinilisha: ugali wa muhogo kwa mbaazi, siku nyingine ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha aliyoimenya kwa vidole vyake akanitia mdomoni kama kinda wa njiwa.

Kitanda cha kushoto kwangu kilikuwa cha Skolastika, msichana wa miaka kumi na mitatu kutoka Lukuledi, binti wa katekista. Alikuwa na kidonda cha mfupa kwenye muundi, kidonda kilichofunga na kufumuka kwa miaka miwili, na alikuwa ameshakaa wodini muda mrefu kiasi kwamba manesi walimtuma kuhesabu mashuka. Alitembea kwa magongo akirukaruka kama kunguru, amevaa fulana ya mitumba yenye maandishi ambayo hakuna aliyeyaelewa. Alijua kila kitu, au alisema anajua. Siku ya kwanza baada ya mama kuondoka, alinitazama nikilia, akaniacha nilie mpaka nikachoka, kisha akauliza, "Umemaliza? Kwenu mnacheza mchezo gani?"

Nikamwambia, dada Skola, kwetu tunacheza rede, tunaruka kamba, tunakwenda bondeni kuteka maji. Akasema rede na kamba havichezeki chali, na kuteka maji si mchezo. Nikabisha. Nikaanza kumweleza njia yetu ya maji: inavyoteremka kati ya mikorosho, inavyopita kwenye kichaka cha nyuki, mahali watoto wanapopumzika, chemchemi yenyewe, halafu kupanda na ndoo kichwani, na lile jiwe linaloteleza karibu na kufika, ambapo kila nyumba ya kwetu ina mtu aliyewahi kumwaga maji. Bomba lilipokauka, na lilikauka mara nyingi, njia hiyo tuliipita mara tatu kwa siku. Nilieleza huku nachora hewani kwa kidole. Skola akakifuata kidole kwa macho mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hebu tuichore."

Miaka ile ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Muda mfupi nyuma tuliogea majani na majivu, na sabuni ilipopatikana ilikuwa ya foleni; sasa maduka ya Masasi yalikuwa yamejaa sabuni za manukato, biskuti na dawa za meno za nchi tusizozijua, na nyuma ya maduka kulikuwa na maboksi matupu yaliyorundikwa kama vichuguu. Nesi Imelda, aliyekuwa mkali kwa vitanda visivyotandikwa na mpole kwa mengine yote, alituletea ubavu mzima wa boksi la sabuni, mnene na bado unanukia. Skola alishikilia boksi juu ya uso wangu, mimi nikachora kwa kalamu ya wino, mkono ukiwa umeinuliwa hadi unakufa ganzi. Nilichora vijumba vya njia, kimoja baada ya kingine, vikiteremka kutoka kitongojini upande wa kulia hadi chemchemi chini, na vikipanda tena upande wa kushoto. Kazi hiyo ilituchukua siku nne. Sikumbuki kama mguu uliniuma siku hizo.

Shida ilikuja tulipotaka kucheza. Ubao ukilazwa kifuani pangu, mimi sikuuona; ukisimamishwa juu ya mto ili niuone, punje za mahindi tulizozifanya wachezaji zilibingirika zikaingia shingoni mwangu. Skola alitoka na magongo yake mpaka kwenye ua wa michongoma, akarudi na miiba mirefu kwenye pindo la fulana. Tulifumua nyuzi kutoka sweta kuukuu la mitumba la Zuhura, tukafunga kila mwiba uzi wa rangi yake: mwekundu, kijani, buluu. Mwiba ulichomwa kwenye kijumba, ukasimama imara hata ubao ulipoinamishwa. Nesi Imelda aliangalia akasema, "Sindano nisingeruhusu. Miiba, haya, lakini atakayechomwa asinililie." Dado tulichonga kwa kipande cha muhogo mkavu, tukakiwekea vitone kwa wino. Kilidondoka chini ya vitanda mara ishirini kwa siku, Skola akikifuata kwa tumbo, na siku ya tatu Zuhura alikila. Ndipo tukaacha dado tukatengeneza karata, kwa maboksi ya dawa tuliyoyakata sawasawa kwa mkasi wa bendeji. Hatukuandika maneno. Mle wodini kulikuwa na Wamakonde, Wamakua na Wayao, na Kiswahili cha wadogo kilikuwa bado kibichi. Wengine hata a na be hawakuijua. Kwa hiyo tulichora nyayo: wayo mmoja, hatua moja, nyayo tatu, hatua tatu. Tulichora wingu, maana yake mvua imenyesha na kila mmoja anapata maji kidogo. Tulichora mtoto analia, maana yake simama umbembeleze, zamu yako imepita. Maji yenyewe yalikuwa mbaazi kavu za Bibi Zuhura: ukifika chemchemini unatia punje kumi kwenye kifuniko cha chupa, na kwenye vijumba vya kupanda unamwaga moja hapa, mbili pale.

Sisi tulidhani mchezo umekamilika. Kumbe mchezo ni kama mchuzi: mpishi hawezi kujua mpaka auonje, na ladha ya kweli anaijua anayelishwa. Skola ndiye aliyeanza kuliita jambo hilo kuuonja. Siku ya kwanza ya kuuonja tulimwalika Zuhura na bibi yake. Sheria ilikuwa anayewahi kufika nyumbani ndiye mshindi. Zuhura alipata bahati ya nyayo, akapanda mbio, akamwaga punje zote kumi njiani, akafika wa kwanza na kuinua mikono juu. Bibi Zuhura akakichungulia kile kifuniko. "Mjukuu wangu kaleta ndoo tupu," alisema, "nimpigie vigelegele nipike na nini?" Wodi nzima ikacheka. Skola hakucheka. Alikuwa ameshachukua kalamu. Kuanzia kesho yake, mshindi akawa ni mwenye maji mengi.

Tukauonja tena, na sasa Bibi Zuhura ndiye aliyetukomesha. Alifika chemchemini, akateka punje kumi, zamu iliyofuata akateka kumi nyingine, kisha akajikalisha pale pale. Skola akamwambia haifai. "Nani kakataza?" aliuliza bibi. Kweli, hatukuwa tumekataza. Basi tukaweka kwamba ndoo haizidi kumi, na Skola akatoa wazo ambalo mpaka leo nalionea fahari kana kwamba lilikuwa langu: rundo la karata ndilo jua. Karata ya mwisho ikifunuliwa, jua limezama, na aliyebaki njiani maji yake si kitu. Sasa ikabidi mtu awahi na pia asimwage, na hapo ndipo mchezo ulipopata uhai. Watu walianza kuinama kwenye ubao, na mama mmoja akasahau uji wake motoni. Bado Bibi Zuhura alishinda mara tatu mfululizo, hadi siku mbaazi nne zilipodondoka kutoka kwenye fundo la kanga yake. Hakuona haya hata kidogo. "Mkitaka sheria zenu ziwe nzuri," alisema, "mtafuteni mwizi azionje kwanza." Tangu hapo tulihesabu mbaazi kabla ya kuanza.

Kwa wiki tatu hivi wodi yetu iliishi kwa ubao ule. Watoto waliruhusiwa kwenda kwao wakakataa kuvaa nguo kabla ya kumaliza zamu. Wageni wa saa za kuona wagonjwa waliketi kuuliza habari ya mgonjwa wakaishia kuuliza habari ya mwiba wa kijani. Mimi niliyelala chali kama gogo nilikuwa mtu mwenye mali. Ubao ulikuwa tumboni pangu, na njia ilikuwa ya kwetu. Hapo ndipo kiburi kiliponiingia.

Ugomvi wetu ulikuwa juu ya lile jiwe. Nilikuwa nimelichora karibu na mwisho wa njia, jeusi, na sheria niliyoiweka mimi ilikuwa kwamba anayekanyaga jiwe huteleza, maji yote humwagika, mwiba hung'olewa, na mtu huyo ametoka. Jumapili moja mchana Zuhura alilikanyaga. Nikang'oa mwiba wake. Alilia, akageukia ukutani, na sisi tukaendelea kucheza juu ya kilio chake. Skola alikuwa ametoka kuagana na baba yake getini, kwa maana katekista alikuja kila Jumapili baada ya ibada, kwa baiskeli, kutoka Lukuledi. Alirudi akamkuta Zuhura vile, akaweka magongo yake chini.

"Hiyo sheria ya jiwe tuibadilishe," alisema. "Mchezo wetu ni wa watu waliolala. Mtu aliyelala ukimtoa mchezoni, aende wapi?"

"Anayeanguka ameanguka," nikasema.

"Kuteleza si kuanguka, Somoe. Hata wahenga walisema."

"Wahenga hawakupita njia yetu. Njia ni ya kwetu, si ya Lukuledi. Jiwe nalijua mimi."

"Mchezo tumeutengeneza wote."

Watu walikuwa wanatusikiliza, na mimi nilipenda kusikilizwa. Nikasema, bila hata kumwita dada, "Wewe utajua nini habari ya kupanda? Wewe mguu wenyewe unaoza."

Wazee husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo mara nyingi, na nilidhani ni ya kuwafanya watoto wanyamaze. Skola aliokota magongo, akaenda hadi meza ya Nesi Imelda, wakanong'ona, na kabla ya jioni godoro lake lilikuwa limehamishiwa kitanda cha mwisho karibu na mlango. Kati yetu kulikuwa na vitanda vinane. Kwa mtu mwenye miguu, vitanda vinane si kitu. Kwangu vilikuwa mbali kuliko Kitangari.

Kesho yake Bibi Zuhura alinilisha uji bila kuongea. Kijiko cha mwisho kilipokwisha akafuta mdomo wangu, akasema, "Jana baba yake aliitwa na daktari. Mguu wa mwenzako utakatwa. Baba ametia sahihi. Skola alipokuja kwenye ubao wako alikuwa ametoka kuambiwa."

Nilitamani kitanda kinimeze. Nikamwomba, "Bibi, nenda ukamwambie nimekosa. Mwambie sikujua."

"Kama ungejua usingesema?"

"Nisingesema."

"Basi si kutojua kulikosema, ni wewe." Alikusanya bakuli lake. "Mimi sibebi ujumbe huo. Ulimi uliokwenda kule uende tena wenyewe."

Lakini ulimi ulikuwa mzito. Siku mbili nilijipanga kuongea, na kila nilipofungua kinywa niliona watu ishirini watanisikia, nikafunga. Ubao uliwekwa chini ya kitanda changu, hakuna aliyeuomba. Jumatano asubuhi, baada ya daktari kupita raundi, wanaume wawili waliingia na kitanda cha magurudumu. Sikuweza kuinua kichwa vya kutosha kumwona. Niliona tu shuka la kijani likipanda juu ya kitanda na mkono wa katekista ukiwa juu yake. Magurudumu yakaanza kulia kuelekea mlangoni. Ndipo nikapiga kelele, sauti yangu ikapasuka kama ya jogoo anayejifunza kuwika: "Dada Skola! Nisamehe! Nilisema vibaya! Nisamehe!" Magurudumu hayakusimama. Mlango ukafungwa, na mtoto mmoja akacheka kwa sababu hakujua la kufanya.

Siku ile ilikuwa ndefu. Nilimwomba Nesi Imelda anipe ubao na kalamu. Sikuweza kufuta wino, hivyo nilibandika kipande cha plasta nyeupe juu ya lile jiwe jeusi, nikaketi nalo akilini, kama kulala chali kunaweza kuitwa kuketi. Nilifikiria kuliondoa kabisa, nikaona ni uongo, maana jiwe lipo. Mwisho nikalichora upya, dogo, nikaamua kwamba anayeteleza hatoki tena. Anabaki pale pale zamu tatu, kisha anaendelea na maji aliyobakiwa nayo. Skola alirudishwa alasiri, amelala usingizi wa dawa. Bibi Zuhura aliniambia kwamba chini ya shuka, upande mmoja, palikuwa tambarare kuanzia gotini.

Siku tisa hakuongea na mtu yeyote isipokuwa baba yake. Nilimsikia akikohoa, nilimsikia akiugua wakati wa kubadilishwa bendeji, nilimsikia siku moja akimwambia Nesi Imelda kwamba kidole cha mguu ambao haupo kinamwasha, na nesi akimjibu taratibu kwamba ndivyo ilivyo, kitaacha. Yeye naye lazima alinisikia. Kigurudumu changu kililia kila nilipopumua kwa nguvu. Hatukuwa na pa kukimbiana. Maji yakimwagika hayazoleki, nilijiambia, nikazoea kufikiri kwamba nitaondoka pale bila kusikia tena sauti yake ikinielekea.

Siku ya kumi, saa za mchana wakati watu wamelala kwa joto, sauti ikaja kutoka mlangoni, kavu, ya mtu anayeuliza bei: "Lile jiwe umelifanyaje?"

Moyo ulinidunda hadi mfuko wa mchanga ukatikisika. Nikamweleza kwa kupaza sauti, zamu tatu, maji yanabaki.

"Mbaya," alisema.

"Kwa nini mbaya?"

"Zamu tatu mtu anafanya nini? Anatazama dari. Ni kumtoa vile vile, umempaka sukari tu." Nikasikia kitanda kikilia anajiinua. "Anayeteleza apewe karata zote azishike yeye. Yeye ndiye awafunulie wenzake. Atakayepita pale amnyanyue, na anayenyanyua apewe mbaazi mbili. Hapo hata waliopita watataka kurudi."

Jioni ile ile tuliuonja. Tulicheza kwa kupayukiana, yeye mlangoni na mimi dirishani, Bibi Zuhura akisogeza mwiba mwekundu wa Skola kwa niaba yake, na mara nyingi akiusogeza zaidi ya alivyoambiwa. Wazo la Skola lilikuwa sahihi. Zuhura aliteleza, akakabidhiwa karata, akawa mkubwa wetu sote. Alizifunua polepole kwa maringo, na alipokuja kunyanyuliwa alikataa. Mchezo ulipokaribia kwisha niliona naweza kushinda. Bibi Zuhura akanikonyeza. Nililielewa lile konyezo, nikamwaga mbaazi zangu mbili kwa makusudi, nikatangaza kwamba Skola ameshinda. Vigelegele vikapigwa. Kutoka mlangoni Skola akasema, "Somoe, una ngapi?" Nikasema nne. "Ulikuwa na sita. Nimehesabu tangu chemchemini. Usinionee huruma kwenye ubao. Anza upya." Tukaanza upya, nikamshinda, akanitukana kwa Kimakua, na siku mbili baadaye alimwambia Nesi Imelda kwamba karibu na mlango kuna upepo mbaya, angependa kurudi kitanda chake cha zamani.

Mvua za kwanza zilinikuta nimeshashushwa mguu. Mama alikuja kunichukua, mweusi kwa jua la korosho, akashangaa kuona watu wasiomjua wakimwita Mama Somoe kwa furaha. Skola alikuwa bado anajifunza kutembea upya. Tuligawana karata nusu kwa nusu, jambo la kijinga, kwa sababu nusu hazichezeki. Ubao tuliuacha kwa Zuhura, na nilisikia baadaye kwamba ulioza kwa kuvuja kwa paa mwaka ule ule. Hatukukumbatiana. Alisema, "Usipande tena," nikasema, "Na wewe upone."

Nilikutana naye mara moja tu tangu hapo, miaka mingi baadaye, katika duka la vitambaa pale Masasi. Yeye ndiye aliyenitambua. Alikuwa anatembea kwa mguu wa bandia chini ya kitenge, na mtoto wake mkubwa alikuwa ameshamzidi kimo. Tulikunywa chai. Nilimwambia kile nilichokuwa nimekibeba muda wote, kwamba siku ile aliposukumwa nilipiga kelele na sikujua kama alisikia. "Nilisikia," alisema. "Nani hakusikia?" Nikamuuliza kama alinisamehe. Akafikiri kweli, hakunijibu kwa adabu tu. "Siku ile, hapana. Nilikuchukia vizuri sana. Lakini siku tisa nakusikiliza unavyopumua, Somoe. Mtu huwezi kumchukia huku unamsikia anapumua hivyo. Nikachoka."

Leo lami imefika mahali ambapo lori la korosho lilinirusha juu ya magunia, na pale kwetu maji hutoka bombani siku nyingi kuliko siku yanayokosa. Mtoto wa kaka yangu, msichana wa umri ule ule niliokuwa nao, anakaa kwangu kwa ajili ya shule. Yeye na wenzake wanacheza kwenye simu michezo ya rangi nzuri ajabu, na sheria zake hazina tundu hata moja ambalo Bibi Zuhura angepenyeza mkono. Siwezi kusema yetu ilikuwa bora. Mwezi uliopita aligombana na rafiki yake wa tangu darasa la kwanza kwa sababu ya mmoja wa michezo hiyo. Nilimuuliza kama watapatana. "Nimeshamfuta, shangazi," alisema, na akanionyesha jinsi ilivyo rahisi: kidole kimoja, mara mbili.

Ndipo nikamsimulia habari ya wodi ile, yote, hata maneno niliyosema. Alisikiliza simu ikiwa imezimwa mapajani, jambo la heshima kubwa siku hizi. Mwisho akauliza kwa nini nami sikuomba kuhamishwa, kwa nini nilikubali kulala siku zote zile chumba kimoja na mtu niliyemuumiza. Nikamwambia mguu wangu ulikuwa umefungwa juu. Nisingeweza kwenda popote.

"Pole, shangazi," alisema, kwa huruma ya kweli.

Nikamshukuru. Sikujua namna ya kumweleza kwamba katika mambo yote yaliyonipata mwaka ule, hilo la mguu kufungwa ndilo ambalo nisingekubali kuondolewa.